Mizani ya Akili: Aliyeiunda Alitaka Kusaidia, Walioirithi Wakahukumu

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo hatumalizi siku bila kulitamka, nalo ni akili. Mtoto akivunja kikombe tunamwuliza, "Wewe, huna akili?" Mwanafunzi akiwa wa mwisho darasani, jirani anamfariji mzazi kwa kumwambia kuwa huyu wako labda afundishwe kazi ya mikono, maana kichwa chake ni kizito. Na matokeo ya mitihani yanapotoka, sisi watangazaji tunasoma idadi ya waliofaulu na ya walioshindwa, na katika nyumba nyingi anabaki mtoto aliyekwisha kupigwa mhuri kabla hata hajabalehe.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, huko Ulaya, walitokea wataalamu waliosema kwamba akili inaweza kupimwa, na jibu likaandikwa kwa tarakimu kama vile mwenye duka anavyoandika kilo za sukari. Habari ya mizani hiyo inafaa kujulikana na kila mzazi na kila mwalimu. Mtu aliyeiunda alikuwa na kusudi moja, na wengi wa walioichukua mikononi mwake wakaenda kinyume kabisa na kusudi hilo.

Tuanze na yule aliyemtangulia. Mwaka 1884 yalifanyika maonyesho makubwa ya afya mjini London. Mle ndani Bwana Francis Galton, Mwingereza mwenye mali na binamu yake Charles Darwin, alifungua chumba cha vipimo. Mtu alilipa peni tatu, akapimwa urefu, nguvu za mkono, kuona kwa macho na kusikia kwa masikio. Galton aliamini kwamba akili hurithiwa kwa damu kama rangi ya macho, na kwamba mwenye milango mikali ya fahamu ndiye mwenye akili nyingi. Fikra hiyo ilivuka bahari ikaenda Marekani pamoja na James McKeen Cattell. Lakini mwaka 1901 mwanafunzi wa Cattell mwenyewe, Clark Wissler, alilinganisha vipimo hivyo na alama za masomo za wanafunzi wa chuo cha Columbia. Hakuona uhusiano wowote wa maana. Mwepesi wa kubonyeza kitufe hakuwa lazima mwepesi wa hesabu.

Sasa twende Paris. Alfred Binet alizaliwa mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1857. Alisomea sheria, kisha akaiacha, na elimu ya saikolojia akajifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu katika maktaba ya taifa. Mwanzo wake haukuwa mzuri hata kidogo. Akiwa katika hospitali ya Salpêtrière chini ya daktari mashuhuri Jean-Martin Charcot, yeye na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba sumaku inaweza kuhamisha dalili za ugonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi upande wa pili, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa kupumbazwa. Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf, akachunguza, akaonyesha kwamba sumaku haikuhusika. Wagonjwa walikuwa wakitimiza tu yale waliyojua kuwa madaktari wanayatazamia. Binet aliaibika, na ikambidi akubali.

Aibu ile ilimfundisha jambo ambalo hakulisahau: mpimaji huweza kuona anachotaka kuona. Baadaye, kama wasomi wengi wa wakati wake, alipima vichwa vya wanafunzi kwa utepe, akitafuta kama wenye akili wana vichwa vikubwa. Alikuta tofauti ya milimita chache tu, tena akatambua kwamba mkono wake mwenyewe ungeweza kuelemea upande alioutarajia. Basi akauweka utepe chini.

Shule yake kubwa ilikuwa nyumbani. Binet alikuwa na binti wawili, Madeleine na Alice, na kwa miaka mingi aliwapa mafumbo, picha na maneno, akiandika kila walichojibu. Madeleine alikuwa mtulivu, akitazama kitu kimoja mpaka akimalize. Alice alikuwa mwepesi wa kubuni, fikra zake zikiruka huku na huku. Wote wawili baba mmoja, mama mmoja, chakula kimoja. Mwaka 1903 Binet alichapisha kitabu juu yao, akiwapa majina ya bandia, na hoja yake ilikuwa kwamba watu hufikiri kwa njia mbalimbali, wala si kwamba mmoja anayo akili na mwenzake hana.

Msikilizaji, hapo ndipo serikali ilipomhitaji. Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1882 ya kulazimisha watoto wote wa miaka 6 hadi 13 wasome. Madarasa yakajaa, na walimu wakakutana na watoto ambao hawakuweza kwenda sambamba na wenzao. Mwaka 1904 Wizara ya Elimu iliunda tume ya kushauri wafanywe nini, na Binet akawamo. Hatari aliiona mapema. Mwalimu aliyechoshwa na mtoto mtundu angeweza kumwandika kuwa ni punguani ili amwondoe darasani. Madaktari nao hawakukubaliana. Mtoto mmoja huyohuyo aliitwa hivi na daktari huyu, na vingine na daktari yule. Binet alitaka kipimo ambacho kingemkinga mtoto na hukumu za kubahatisha.

Mwaka 1905, pamoja na daktari kijana Théodore Simon, alitoa kipimo chenye maswali na majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu. La kwanza lilikuwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Yakafuata mengine: kutaja vitu katika picha, kurudia tarakimu, kulinganisha vitu viwili kwa uzito, kueleza maana ya maneno. Hayakumtaka mtoto asome wala aandike, kwa sababu Binet hakutaka kumwadhibu yule ambaye hakubahatika kufundishwa. Mwaka 1908 aliyapanga majaribio kwa umri: mtoto wa miaka 3 aonyeshe pua, macho na mdomo, wa miaka 5 ajue kati ya visanduku viwili kipi ni kizito zaidi, na kuendelea hadi miaka 13. Mtoto wa miaka 9 aliyeweza ya miaka 6 tu, alihitaji msaada. Basi. Kipimo kiliishia hapo.

Na Binet alionya. Alisema akili si kitu cha kupimwa kama urefu wa ubao. Alisema kiwango cha mtoto kinaonyesha alipo leo, hakitabiri atakapofika. Na katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwapinga kwa hasira wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichowekwa, kisichoweza kuongezeka.

Wala hakuishia kwenye maneno. Katika madarasa ya watoto waliobaki nyuma yalianzishwa mazoezi aliyoyafananisha na ya daktari anayenyoosha mguu uliopinda, ila haya yalikuwa ya kunyoosha akili. Palikuwa na mchezo wa sanamu: mwalimu akitoa ishara, kila mtoto anaganda alivyo, na kila siku muda unaongezwa kidogo, mpaka asiyeweza kutulia anajifunza kutulia. Palikuwa na zoezi la kutazama vitu kadhaa kwa nukta chache, kisha kuvitaja. Wabunge waliokuja kutembelea darasa wakitilia shaka waliona watoto walioitwa wapungufu wakifanya zoezi hilo vizuri. Mmoja wao akaomba kujaribu, naye akashindwa na watoto wale. Watu wakacheka. Lakini siri haikuwa kubwa: watoto walikuwa wamefanya mazoezi, mheshimiwa hakuwa amefanya.

Binet alifariki Oktoba 1911, akiwa na miaka 54. Mizani yake ikabaki bila mwenyewe.

Mjini Paris kwenyewe ilipata mrithi mwema. Karibu na mwaka 1920, kijana wa Uswisi aitwaye Jean Piaget alipewa na Dk. Simon kazi ya kujaribisha maswali ya kupima akili katika shule ileile ya mtaa wa Grange-aux-Belles ambako Binet alifanyia utafiti. Kazi yake ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Lakini Piaget akavutwa na majibu ya makosa. Kwa nini watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja? Akaanza kuwauliza walivyofikiri, na kutokana na swali hilo akaja kuwa bingwa mkubwa wa saikolojia ya watoto katika karne ya 20.

Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Henry Goddard, aliyeongoza utafiti katika shule ya watoto wenye upungufu wa akili huko Vineland, New Jersey, alitafsiri kipimo cha Binet lakini akaacha maonyo yake. Yeye aliamini kwamba akili ni ya kurithi na haibadiliki. Mwaka 1913 wasaidizi wake walikwenda bandari ya Ellis Island, ambako wahamiaji maskini kutoka Ulaya walikuwa wakishuka melini. Hebu mfikirie, msikilizaji, mtu aliyesafiri majuma mawili katika sehemu ya chini ya meli, hajui lugha, anaogopa kurudishwa kwao, kisha anawekewa maswali kupitia kwa mkalimani. Goddard alitangaza kwamba katika vikundi vidogo vya Wayahudi, Waitalia, Wahungaria na Warusi aliowapima, zaidi ya robo tatu walikuwa punguani. Majibu kama hayo yalitosha kumfanya mtu aitilie shaka mizani yenyewe. Wengi hawakufanya hivyo.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alikuwa amependekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa chuo cha Stanford akazidisha jibu kwa 100, na hivyo ikazaliwa ile namba moja mashuhuri iitwayo IQ. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani, na Robert Yerkes akapewa ruhusa ya kupima wanajeshi wapya, takriban watu 1,750,000. Waliojua kusoma walipewa karatasi za maswali. Wasiojua walipewa picha za kukamilisha: gramafoni isiyo na pembe yake, uwanja wa tenisi usio na wavu. Mtoto wa mkulima ambaye hajapata kuona tenisi angejuaje kuwa wavu haupo? Jibu lilipotoka, likasema mtu mzima wa kawaida Marekani ana akili ya mtoto wa miaka 13 hivi.

Hapa nina haki ya kujivunia kazi yetu, kwa maana aliyewakabili wasomi hawa hadharani alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1922 Walter Lippmann aliandika mfululizo wa makala katika jarida la The New Republic. Aliuliza swali ambalo hata mwanafunzi angeliuliza: itakuwaje mtu mzima wa wastani awe na akili chini ya wastani wa watu wazima? Alionyesha kwamba kilichopimwa ni uwezo wa kujibu maswali yale, na kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa uwezo huo ndio akili, wala kwamba watu wamezaliwa nao. Terman alijibu kwa kejeli badala ya hoja.

Msikilizaji, pengine unasema haya ni mabishano ya wasomi tu. La hasha. Sikiliza habari ya Carrie Buck. Alikuwa msichana maskini wa jimbo la Virginia, aliyelelewa katika nyumba ya watu. Alipata mimba baada ya kubakwa na jamaa wa nyumba hiyo, nao wakampeleka katika taasisi ya serikali ya watu walioitwa wapungufu wa akili. Kipimo kilichotokana na kile cha Binet kikampa umri wa akili wa miaka 9. Mama yake alikuwa humohumo. Kichanga chake, Vivian, kilitazamwa kikiwa na miezi michache tu, ikasemwa nacho hakionekani sawa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba ni halali kumfunga Carrie kizazi bila ridhaa yake. Oktoba mwaka huo akapasuliwa.

Na Vivian? Alianza shule, na mwaka 1931 jina lake lilikuwa katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Mwaka 1932 alifariki kwa maradhi, akiwa na miaka 8. Mama yake aliishi hadi 1983, na waliomjua uzeeni walimwona mtu wa akili timamu, anayesoma gazeti. Katika karne ya 20 Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa vizazi chini ya sheria za namna hiyo. Ni kweli kwamba Goddard alilegeza msimamo wake mwaka 1928, na kwamba Carl Brigham, aliyetumia vipimo vya jeshi kudai kwamba watu wa kaskazini mwa Ulaya wana akili kuliko wengine, aliikana kazi yake mwenyewe mwaka 1930. Lakini maji yalikwisha kumwagika.

Mizani hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1932 Mwingereza R. A. C. Oliver, aliyefanya utafiti Kenya kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, alichapisha kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika. Katika miaka hiyohiyo Dk. H. L. Gordon wa Nairobi alikuwa akiwahubiria walowezi kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kuzaliwa. Alifanya nini kuthibitisha? Alipima vichwa. Utepe ambao Binet aliuweka chini miaka 30 nyuma, yeye akauokota Nairobi. Mwaka 1933 alifikisha hoja zake London, lakini utafiti mkubwa alioutaka serikali ya Uingereza haikuugharimia.

Miaka mingi baadaye walikuja watafiti wa moyo mwingine. Katika kijiji kimoja cha Wajaluo magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, pamoja na Profesa Frederick Okatcha wa Kenya, waliwauliza wanakijiji mtu mwenye akili ni yupi. Walipata maneno manne: rieko, yaani ujuzi na maarifa; luoro, yaani heshima na kujali wengine; paro, yaani kufikiri na kuanzisha jambo; na winjo, yaani kuelewa mambo. Katika hayo manne, ni rieko tu iliyoendana na alama za shule. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2001 waliwapima watoto wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za mitishamba. Waliozijua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama ndogo katika msamiati wa Kiingereza. Je, ni wajinga? Mtoto anayejua jani gani linatibu tumbo, na kwa kiasi gani, ametumia akili yake mahali ambapo mtihani haukufika. Sisi wenyewe katika Kiswahili tunatenga akili, busara, hekima, werevu na ujanja. Karatasi ya mtihani inatenga nini?

Na utafiti wa kunigusa zaidi ulifanyika hapa Tanzania, katika shule za sehemu za Bagamoyo, ukachapishwa mwaka 2002. Watoto mia kadhaa walipewa majaribio ya kufikiri. Kisha kundi moja wakafundishwa mbinu za kuyakabili kwa muda usiofika hata saa moja, na wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Jambo la kuzingatia ni kwamba mpangilio wao ulibadilika: kumjua aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakukutosha kumjua atakayekuwa nyuma mara ya pili. Ilikuwa kama madarasa yale ya Paris ya mchezo wa sanamu, miaka mia moja baadaye, chini ya minazi ya pwani.

Sisemi kwamba vipimo vitupwe. Daktari hatupi kipimajoto. Nchi yenye nafasi chache haina budi kuchagua, na mtihani ni afadhali kuliko kuchagua kwa udugu. Vipimo vya akili vinavyofanywa kwa uangalifu husaidia hadi leo kumtambua mtoto ambaye hasikii vizuri maelezo, au ambaye herufi zinamchanganya, ili afundishwe kwa njia inayomfaa. Ninachosema ni kwamba kipimajoto kikionyesha homa, mgonjwa anatafutiwa dawa. Hatumwandiki kwenye daftari kuwa yeye ni mtu wa homa maisha yake yote, kisha tukamrudisha nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu mwenye wanafunzi tisini, na mzazi aliyeshika karatasi ya matokeo, swali ni lile alilopewa Binet mwaka 1904: mtoto huyu afanyiwe nini? Amekosea wapi, na kwa nini amekosea hapo? Anaona ubao? Amekula asubuhi? Lugha ya swali anaielewa? Nani amekaa naye, hata kwa saa moja, kumwonyesha njia? Mpaka maswali hayo yajibiwe, hakuna kati yetu mwenye haki ya kusema kwamba mtoto hana akili.